Nani Kakufundisha?

Mwezi huu naomba nianze kwa kukiri kosa. Kila mwezi nakaa kwenye ukurasa huu nawapa ushauri kama vile kwangu hakuna kasoro. Zipo, tena nyingi tu. Hii moja imenikaa rohoni muda mrefu, na nimeona niitoe hapa kwa sababu najua wengi wenu mmeshalifanya kosa hili, au mmeshafanyiwa.

Mume wangu ni mhasibu. Asubuhi tai na shati la mikono mirefu, jioni foleni, mwisho wa mwezi hesabu mpaka saa tano usiku. Lakini ana jambo lake jingine ambalo ofisini kwao hawalijui: anachora. Hajasomea kuchora hata siku moja. Tulipohamia nyumba yenye chumba kidogo cha nyuma, akakifanya cha kwake. Makopo ya rangi, vipande vya hadibodi alivyoomba kwa mafundi seremala, magazeti ya zamani yametandikwa sakafuni, na harufu ya rangi inayokufuata mpaka jikoni.

Basi, mdogo wangu akapata nafasi ya chuo hapa Dar. Nikataka alale kwenye kile chumba. Mume wangu akasema tutafute njia nyingine, chumba kile anakihitaji. Ilikuwa jioni, nimechoka, gesi imeisha na wageni wako njiani. Nikamjibu bila kufikiri: "Kwani nani kakufundisha kuchora wewe?"

Hakujibu. Kesho yake makopo yote yalikuwa uani. Hakuninunia, hakuacha kula, hakubadilika kwa lolote ambalo ningeweza kumlalamikia kwa mama yake. Ila hakuchora tena. Mwezi wa kwanza nilifurahi, chumba kimesafishwa. Mwezi wa pili nikaanza kuona kwamba anaporudi kazini anakaa mbele ya televisheni bila kuangalia kinachoonyeshwa. Mwezi wa nne rangi kwenye makopo zilikuwa zimekauka zimekuwa mawe, na mimi nilikuwa naogopa kuzitupa.

Safari ya Ngorongo

Kwao ni Ngorongo, Rufiji. Kama hujawahi kufika, unatoka Dar kwa barabara ya kusini, unapita Mkuranga, unafika Kibiti, halafu unaiacha barabara kuu na kushika njia ya magharibi kuelekea bonde la mto. Tulikwenda baada ya mafuriko ya Aprili 2024, yale yaliyoingia kwenye nyumba na mashamba ya watu wa Rufiji na Kibiti. Tulipeleka unga, dawa na mablanketi. Sikwenda kutafuta somo la ndoa, nilikwenda kumpa pole bibi yake.

Bibi huyu kwa utani wa kwetu Pwani ni mke mwenzangu. Mume wangu anamwita mume wake, mimi ananiita mke mdogo, na kila nikienda lazima anikague kama namlisha vizuri mume wetu. Siku hiyo tulimkuta barazani anasuka mkeka. Ukindu ulikuwa umepakwa rangi tayari: mwekundu, wa zambarau, na mweusi ule wa mdaa ambao ukiona mara moja hauusahau. Mikono inakwenda, macho yanakuangalia wewe. Anasuka ukili mrefu mwembamba, baadaye anazishona kili moja na nyingine mpaka mkeka unatokea.

Nikamwuliza nakshi ile inaitwaje na aliipata wapi. Akanitajia jina, kisha akasema nyingine ameitunga mwenyewe, baada ya maji kuondoka. Nikauliza, na Mungu ni shahidi yangu kwamba sikuwa na nia mbaya: "Bibi, nani alikufundisha kusuka?"

Akacheka. Akasema alipokuwa mtoto mama yake alikuwa hataki kusumbuliwa, kwa hiyo alikuwa anakaa karibu na kuangalia. Akiharibu anafumua, akiharibu tena anafumua tena. "Alonifundisha ni kufumua, mke mwenzangu."

Mume wangu alikuwa amekaa pembeni anamenya chungwa. Hakuinua macho.

Baadaye bibi akanipeleka kunionyesha ukuta wa nyumba ya zamani, ya udongo na miti, ambayo sasa imebaki upande mmoja tu. Akaniambia pale ndipo mume wetu alipokuwa anachafua na mkaa alipokuwa mdogo. Akichora viboko. Akichora mamba. Akichora tembo aliowaona alipolala juu ya dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo ambacho watu wa Rufiji hukaa shambani wakilinda mpunga usiliwe na wanyama. Alipigwa kwa ajili ya ukuta ule, akasema bibi, lakini mvua ikifuta anachora tena. Hakukuwa na mchoro tena pale. Kulikuwa na alama ya maji ya mafuriko, imefika kifuani kwangu.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilijiambia: huyu mtu ameshachora tangu hajajua kuandika jina lake, halafu mimi niliyemkuta mwishoni ndiye nimemwuliza nani kakufundisha.

Yule wa kopo la rangi ya baiskeli

Tuliporudi Dar nikafanya ninachojua kufanya, yaani kusoma. Nilitaka kujua watu wa namna hii waliwezaje. Na huwezi kuzungumzia wachoraji wasiosomea hapa Bongo bila kuanza na Edward Saidi Tingatinga.

Wengi wetu tukisikia tingatinga tunafikiria mtambo wa kulimia, au tunafikiria zile picha za twiga na simba zinazouzwa kwa watalii. Tunasahau kwamba lilikuwa jina la mtu. Alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, mkoani Ruvuma, katika familia ya wakulima. Shule yake ilikuwa fupi. Akiwa kijana alikwenda Tanga kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, kama walivyofanya vijana wengi wa kusini miaka ile. Kisha akaja Dar es Salaam, akafanya kazi ya bustani nyumbani kwa mzungu, akauza matunda na mboga Oysterbay, akaunga unga kama tunavyounga sisi.

Mwaka 1968 akaanza kuchora picha za kuuza. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita. Naomba uirudie hiyo namba, wewe unayesema umri umekupita.

Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alitumia hadibodi, yale mabamba wanayotumia mafundi, akayakata mraba wa kama sentimita 60 kwa 60. Rangi yake ilikuwa ile ya mafuta inayong'aa, ya kupaka baiskeli. Watu wanaopenda maneno makubwa wangesema alibuni mtindo. Mimi naona kwanza alitumia kilichokuwepo na bei yake aliyoiweza. Lakini angalia kilichotokea: rangi ya baiskeli haichanganyiki kirahisi kama rangi za shule, basi kila rangi ikabaki peke yake, nzito, inang'aa. Bamba lilikuwa dogo, basi mnyama mmoja akajaza picha nzima. Shida ya vifaa ikawa ndiyo sura ya kazi yenyewe. Leo mtu yeyote duniani akiona chui wa namna ile, mwenye madoa yaliyopangwa na nyuma yake rangi moja iliyotulia, anajua imetoka wapi.

Alipata wapi mawazo yake? Watafiti wamebishana sana. Wapo wanaosema aliona picha za wachoraji kutoka Kongo zilizokuwa zinauzwa mjini Dar miaka ya 1960 akaona na yeye anaweza. Wapo wanaosema alibeba kumbukumbu za kusini, ambako watu walikuwa wanachora wanyama na watu kwenye kuta za nyumba zao za udongo. Mtafiti Mjerumani Karl Weule alipopita maeneo hayo mwaka 1906 aliikuta desturi hiyo na kuiandika. Mimi si mtafiti wa sanaa, nimesomea mawasiliano, lakini nilipofika kwenye habari ya kuta zile nilikumbuka ukuta wa Ngorongo na mkaa. Naona hakuna haja ya kuchagua. Mtu anaweza kukua na michoro ya ukutani kwao, akaja mjini akaona watu wanauza picha, akapata hesabu.

Tingatinga hakuacha kitabu cha falsafa yake. Falsafa yake inabidi uisome kwenye mabamba yake na kwenye namna alivyoishi. Mimi nimesoma mambo matatu. La kwanza, chora unachokijua. Alikuwa amezungukwa na jiji la magari na maghorofa, lakini mkono wake ulirudi kwa tembo, chui, ndege na watu wa kijijini. La pili, usisubiri vifaa. La tatu, usile peke yako. Kabla hata hajawa na jina kubwa, alikuwa amewakusanya ndugu na jamaa zake nyumbani, akiwafundisha: January Linda, Adeusi Matambwe, Kasper Tedo, Simon Mpata, Abdallah Ajaba. Mtu ambaye hakufundishwa na mtu akageuka shule.

Na Agatha je?

Hapa ndipo mimi nilipokaa vizuri kwenye kiti, maana safu hii ni ya wapendanao, si ya sanaa.

Mwaka 1970 Tingatinga alimwoa Agatha Mataka. Mume akichora, mke ndiye aliyekuwa anakaa na picha nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, akiziuza kwa wapita njia, wengi wao wageni waliokuwa wanaishi maeneo yale. Soma tena taratibu. Hakukuwa na ukumbi wa maonyesho, hakukuwa na waandishi wa habari. Kulikuwa na mwanamke amekaa juani na picha za mume wake, anataja bei.

Sitaki nimpambe. Sijui waligombana mara ngapi kuhusu harufu ya rangi, na sidhani kama kila siku alikuwa na furaha kukaa pale. Lakini kitendo chenyewe kinasema jambo. Kila alipoegemeza picha moja ukutani alikuwa anawaambia watu: hiki kitu kina thamani, lete pesa. Mimi ya mume wangu nilikuwa nazisogeza kwa mguu nikipiga deki.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi Tingatinga hapa Dar es Salaam, wakimdhania ni mhalifu anayekimbia. Akafariki. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Minne! Kuna watu wamelipa mkopo wa gari kwa muda mrefu kuliko huo. Lakini wale aliowafundisha hawakuacha. Mwaka 1977 walijiunga kuwa kikundi, mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika, na mpaka leo ukienda Oysterbay utawakuta wachoraji wameinama juu ya mabamba, rangi ileile ya mafuta, jina lile lile.

Ndiyo, utaniambia kwamba siku hizi picha nyingi zinafanana, twiga yule yule, Kilimanjaro ile ile. Ni kweli. Mtindo ulipoanza kulisha watu wengi, wengi wakachora kinachouzika. Siwezi kumlaumu mtu mwenye ada ya shule ya kulipa. Ila nilichojifunza ni kwamba kuiga mkono wa mtu ni rahisi, kuiga macho yake ni kazi. Tingatinga mwenyewe aliangalia kwanza.

Waliomwita mwendawazimu

Usidhani ni mambo ya zamani tu, au ya Tanzania peke yake. Jirani zetu Kenya wana Sane Wadu, aliyezaliwa mwaka 1954. Jina alilopewa na wazazi ni Walter Njuguna Mbugua. Alikuwa mwalimu, kazi ya heshima kabisa, ile ambayo mama mkwe anaitaja kanisani. Miaka ya 1980 akaacha ualimu akachora. Naye hakusomea. Watu wakasema amerukwa na akili. Basi akaamua kujiita Sane, neno la Kiingereza lenye maana ya mtu mwenye akili timamu. Yaani kila atakayemwita kwa jina lake, hata awe adui yake, itabidi aseme kwamba huyu ana akili timamu. Nilicheka sana niliposoma, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilijua mimi ningekuwa upande gani kwenye kijiji kile.

Lakini mke wake, Eunice, hakuwa upande ule. Naye akashika brashi. Naye hakusomea. Wote wawili wakawa wachoraji, wakawa miongoni mwa walioanzisha umoja wa wachoraji wa Ngecha, na baadaye wakiwa Naivasha wakafungua milango kwa vijana na watoto wanaotaka kujifunza. Mwaka 2022 kazi za Sane za miaka mingi zilikusanywa na kuonyeshwa pamoja jijini Nairobi, katika taasisi ya sanaa iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage. Ualimu aliouacha ulimrudia kwa mlango mwingine, kama ulivyomrudia Tingatinga.

Na hapa kwetu alikuwepo George Lilanga, Mmakonde wa kusini aliyejua kuchonga vinyago tangu ujana. Alipokuja Dar miaka ya 1970, mjomba wake akamsaidia kupata kazi ya ulinzi wa usiku Nyumba ya Sanaa. Mlinzi! Mchana akawaonyesha alichonacho. Mashetani yake yale yenye masikio makubwa na matumbo yaliyovimba, yanacheka, yanacheza, yanagombana kama sisi, yakatembea mpaka Ulaya, Marekani na Japani. Kisukari kikamkata miguu, akaendelea kufanya kazi mpaka alipofariki mwaka 2005. Kuna wageni wangapi waliingia mlango ule jioni wakamwambia mlinzi "habari yako" bila kumtazama?

Sasa tufanye nini sisi?

Najua unachofikiria, kwa sababu na mimi nilikifikiria. Unafikiria: dada, hizo ni hadithi za waliofanikiwa. Kuna mamia waliochora, wakaimba, wakaandika, na hawakupata kitu. Mimi mume wangu akiacha kazi tutakula rangi?

Swali zuri, na nalijibu hivi. Hakuna aliyesema aache kazi. Tingatinga mwenyewe, hata alipokuwa anachora na kuuza, aliwahi kuajiriwa hospitali ya Muhimbili. Mshahara na brashi vinaweza kukaa nyumba moja. Ninachosema ni kwamba kipaji cha mwenzako hakihitaji kuwa biashara ndiyo uanze kukiheshimu. Kibaya zaidi, sisi wasomi tuna ugonjwa wa cheti. Mtu akisema anajua kitu, tunauliza amesoma wapi. Hatuulizi ameangalia nini, amekosea mara ngapi, amefumua mara ngapi.

Kwa hiyo, wewe mwenye mwenza anayechora, anayepiga gitaa, anayeshona, anayeandika usiku, naomba ujaribu haya machache.

Mpe mahali. Si lazima chumba. Hata kona ya baraza, meza moja ambayo watoto hawaigusi. Mtu asiye na mahali pa kuweka kitu ambacho hakijakamilika, hatakikamilisha.

Mpe muda unaojulikana. Kwetu tumekubaliana Jumamosi asubuhi. Simtumi sokoni, simwiti kuangalia bomba linalovuja. Na mimi nina muda wangu, maana heshima haiendi upande mmoja.

Uliza kuhusu kazi, usiulize kuhusu pesa. "Huyu ndege umemwona wapi?" ni swali. "Utauza shilingi ngapi?" linaweza kusubiri. Na kama hujapenda, sema hujapenda, lakini sema ni kitu gani. Sifa za uongo anazijua, usimdharau mara ya pili.

Pesa ya vifaa iwekeni kwenye bajeti, kiasi kidogo mnachokubaliana. Ikiwa wazi haitakuwa siri, na isipokuwa siri haitakuwa ugomvi.

Msindikize kwa wenzake. Hapa Dar kuna Nafasi Art Space, Mikocheni, iliyoanza mwaka 2008, ambako wachoraji wanafanya kazi jirani kwa jirani na kuna maonyesho ya kwenda kuangalia. Asiyesomea si lazima ajifiche.

Na wewe mwenye kipaji, na wewe nikwambie ukweli. Mwenzako si adui wa sanaa yako kwa sababu tu amekuomba ulipe umeme. Usifanye brashi kuwa mahali pa kukimbilia kila mkigombana. Na ukiumizwa na neno, sema. Mume wangu alinyamaza miezi minne na mimi nikadhani ameelewa. Alikuwa amefunga duka.

Makopo uani

Wiki ya pili tangu turudi Ngorongo niliomba msamaha. Sikuwa na maneno mazuri. Nilimwambia swali lile lilikuwa la kijinga na kwamba nimepata jibu lake kwa bibi. Akasema sawa. Akasema pia kwamba nilichosema ndicho alichokuwa anajiambia mwenyewe kila siku tangu aanze kazi, na ndiyo maana kiliingia ndani sana. Hiyo ilinitoa machozi kuliko kama angenifokea.

Mdogo wangu bado yuko kwenye chumba cha nyuma. Yuko mwaka wa pili, hatuwezi kumtoa. Mume wangu anachorea kwenye kibaraza cha jikoni, kwenye meza tuliyoinunua Keko, na mvua ikinyesha tunaisukuma ndani wote wawili. Yale makopo yaliyokauka niliyatupa mimi mwenyewe. Mapya niliyanunua mimi, na nilishangaa bei, tuseme ukweli.

Picha ya kwanza aliyomaliza ni kiboko. Amesimama ndani ya nyumba isiyo na mlango, maji yamemfika kifuani, na ukutani nyuma yake kuna michoro midogo ya mkaa. Shingo ya kiboko si nzuri sana, nimemwambia. Akaniangalia, akaangalia bamba, akachukua kitambaa akaifuta yote, akaanza upya. Hajauza picha hata moja mpaka leo, na bibi ameshaulizia lini ataletewa hiyo ya kiboko aione.

Haya wapendwa, kwa mwezi huu tuishie hapa. Leo ukirudi nyumbani, kabla hujauliza kuna nini cha kula, hebu angalia mwenzako anafanya nini mikono yake ikiwa huru. Mwezi ujao tutazungumzia mawifi, kwa hiyo jiandaeni. Tukutane hapa hapa!